Majirani wa Nyarugusu na elimu ya UKIMWI tunayoitafuta ng'ambo

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID, shirika lake la misaada, kufungwa rasmi Julai mwaka huo, mazungumzo ya UKIMWI hapa Kigoma yamekuwa mazungumzo ya fedha. Nani atalipa posho za wahudumu wa jamii, vitendanishi vitatoka wapi, dawa zitatosha mpaka lini. Ni maswali ya haki, na majibu yake yamebeba uhai wa watu. Lakini ndani ya hofu hiyo limezama jambo ambalo wengi wamekwisha kulizika: kazi ya kuwakutanisha vijana wetu wa sekondari na wenzao wa nchi nyingine, kwa barua, michoro, maigizo na ziara, wajifunze UKIMWI pamoja. Nimewasikia walimu, wazazi na hata watumishi wa halmashauri wakisema kwamba yale yalikuwa mambo ya wafadhili, na wafadhili wakiondoka yanaondoka nao.

Sikubaliani nao hata kidogo. Naamini kazi hiyo tuliielewa vibaya tangu mwanzo, tukadhani thamani yake ilikuwa katika mzungu aliyeileta, fulana zilizogawiwa na chakula cha mchana cha semina. Thamani yake ilikuwa katika kitu ambacho hakina bei: kijana analazimika kumweleza mwenzake, asiyemjua na asiyeishi kama yeye, jinsi ugonjwa huu ulivyo nyumbani kwao. Na kama hilo ndilo lililokuwa likifanya kazi, basi Kigoma haihitaji tiketi ya ndege. Vijana wa Kongo na wa Burundi wapo Kasulu, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Wanafundishwa UKIMWI peke yao ndani ya kambi, na wetu wanafundishwa peke yao nje.

Turudi nyuma kidogo. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Elimu ya miaka ile ilijengwa juu ya hofu, na sioni wa kumlaumu, kwa sababu hakukuwa na dawa na watu walikuwa wakizikwa kila wiki. Kisha mambo yakabadilika. TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, ikaundwa 2001, dawa za kufubaza makali ya virusi zikaanza kutolewa bure na kuenea nchini kuanzia 2004, sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ikapitishwa 2008 ikikataza unyanyapaa na utoaji siri za wagonjwa, na mwaka 2019 ikarekebishwa ili kijana wa miaka 15 aweze kupima bila kusubiri idhini ya mzazi. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliofanyika katika nchi kadhaa, ulionyesha kwamba mwenye VVU akianza dawa mapema uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake hupungua kwa asilimia 96. Leo tunajua kwamba anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Dawa imekwenda mbali sana. Mafundisho ya darasani yamebaki nyuma, bado yana fuvu la kichwa na orodha ya njia za maambukizi, na kijana anatoka hapo akijua namna ugonjwa unavyoingia mwilini bila kujua namna mtu anavyoishi nao.

Nina mfano mmoja wa karibu. Mwalimu rafiki yangu aliyefundisha Ujiji alinionyesha barua ambazo wanafunzi wake wa kidato cha tatu walikuwa wakiandikiana na shule moja ya Ujerumani. Za mwanzo zilihusu mpira, migebuka, michoro ya ziwa na theluji. Kisha binti mmoja wa kule akauliza: shuleni kwenu wenye VVU wanalala bweni moja na ninyi? Darasa lile lilikuwa limefaulu vizuri mada ya afya na kinga ya mwili kwenye Biolojia. Swali hili hakuna aliyeweza kulijibu. Wengine walisema watu hao hawapo kabisa. Msichana aliyepewa kazi ya kuandika jibu akaenda kwa muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo, akaambiwa kwamba wapo, na kwamba wengine huvitoa vidonge kwenye kopo lake na kuvifunga ndani ya soksi, kwa kuwa kopo likitikiswa linalia na bwenini kila mtu atataka kujua kinacholia. Barua aliyoituma Ujerumani ilikuwa ya kurasa mbili. Ukiisoma unaona wazi kwamba alikuwa akiwaandikia wenzake wa bwenini.

Hapo ndipo penye siri ya kazi hii. Katika mtihani mwanafunzi anamjibu mtu ambaye tayari analo jibu, kwa hiyo anakariri. Anayeulizwa na mgeni hana pa kukariri, kwa sababu mgeni anauliza mambo ambayo sisi wenyewe tumezoea kuyapita kimya. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba kipeperushi kizuri kingetosha. Kipeperushi hakiulizi kitu.

Faida nyingine ni kwamba kijana anaona aibu hii si ya kabila lake wala ya bara lake. Wapo wavulana wawili ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kigoma awajue. Ryan White alikuwa mtoto wa Kokomo, jimbo la Indiana, Marekani, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, aliyepata VVU kupitia bidhaa za damu alizotibiwa nazo. Mwaka 1985 shule yake ilimkatalia kuingia darasani. Alifariki 1990 akiwa na miaka 18. Nkosi Johnson alizaliwa na VVU Afrika Kusini, na mwaka 1997 shule moja ya Johannesburg ilisita kumpokea kwa sababu hiyo hiyo. Julai 2000, akiwa na miaka 11, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Durban akawaomba watu wazima wawapokee wenye VVU kama binadamu wengine. Mwaka uliofuata akafariki. Nchi moja tajiri, nyingine imetoka juzi kwenye ubaguzi wa rangi, na geti la shule lilifungwa kwa namna ile ile. Mwanafunzi wa Ujiji akijua habari hizi mbili, na mwenzake wa Indiana akizijua pia, hakuna kati yao atakayeweza kusema tena kwamba huu ni ugonjwa wa wale.

Marekani yenyewe ina watu wapatao milioni 1.2 wanaoishi na VVU, na kati ya wanaogundulika kila mwaka, takribani mmoja kati ya watano ana umri wa miaka 13 hadi 24. Vijana wetu wakisikia hivyo hushangaa, na mshangao huo una kazi. Kwa miaka mingi tumeletewa picha ya Mwafrika mgonjwa na mzungu mwalimu mpaka watoto wetu wameiamini.

Sasa niseme wazi kwamba wanaozipinga programu hizi wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba ziara nyingi za zamani hazikuwa mabadilishano hata kidogo. Vijana wa ng'ambo walikuja kuangalia yatima, wakapiga picha, wakapaka ukuta rangi, wakaondoka. Wetu hawakwenda kokote na hawakuulizwa walichokuwa wakikijua. Hili ni kweli na linauma. Lakini tatizo hapo lilikuwa nani anashika usukani, wala halikuwa kukutana kwenyewe. Huko Nshamba, wilayani Muleba, watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI waliunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakawa na viongozi wao na shughuli zao, na wageni walipofika waliwakuta wenyeji wenye jambo la kufundisha. Na ukitaka ushahidi mwingine kwamba kijana wa Tanzania anaweza kuanza na dunia ikafuata, tazama Roots & Shoots. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikaa kibarazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, jijini Dar es Salaam wakieleza yaliyokuwa yakiwasumbua katika maeneo yao. Mtandao uliozaliwa pale una vikundi vya vijana katika nchi zaidi ya 60. Mama huyo alianza kazi yake Gombe mwaka 1960, hapa hapa mkoani kwetu, na bado tunaongea kana kwamba mitandao ya vijana ni kitu cha kuletewa.

Hoja ya pili nzito ni ya fedha. Dawa kwanza, wanasema, mikutano baadaye. Kama kweli ingekuwa kuchagua kati ya kopo la dawa la mtoto mmoja na nauli ya basi la wanafunzi, nami ningechagua dawa bila kufikiri mara mbili. Ila hesabu haiko hivyo. Dawa iliyonunuliwa na ikabaki imefichwa kwenye soksi, ikarukwa siku mbili kwa sababu bwenini kuna macho, ni fedha iliyopotea na pia ni hatari, kwa kuwa virusi huzoea dawa inayomezwa kwa kurukaruka. Walioanza dawa wakiwa wachanga miaka ya 2008 na 2010 sasa wako sekondari. Kitakachowafanya waendelee kumeza mpaka watu wazima, zaidi ya kitu kingine chochote, ni namna wenzao wanavyowatazama. Kulinda uwekezaji wa dawa bila kugusa fikra za wanafunzi wenzao ni kazi nusu.

Wapo pia wazazi na viongozi wa dini wanaohofia kwamba vijana wa kigeni wataleta mazungumzo yasiyo na adabu. Nawaheshimu, na nadhani jibu lao liko katika kuwaalika. Masheikh na mapadri wa Kigoma wamezika waathirika wengi kuliko mtaalamu yeyote wa semina. Wakae kwenye chumba hicho, wasikie maswali. Kijana anayeuliza mbele ya sheikh wake yuko salama zaidi kuliko anayelipeleka swali hilo hilo kwenye simu ya kaka yake usiku.

Hoja ambayo siwezi kuiheshimu ni ile ya asilimia. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kwamba maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kitaifa, Njombe ni asilimia 12.7, na Kigoma asilimia 1.7, ya chini kabisa Tanzania Bara. Tangu namba hiyo itangazwe imekuwa kisingizio. Kwa nini tuhangaike, watu wanasema, hapa ugonjwa haupo, wapelekeeni Njombe. Kwanza, asilimia 1.7 ya mkoa wenye watu wengi kama wetu ni maelfu ya watu wenye majina, na tukisema ugonjwa haupo tunawaambia wao kwamba hawapo, kama wale wanafunzi wa Ujiji walivyotaka kumjibu Mjerumani. Pili, namba hii ni kipimo cha siku ilipopimwa, haitoi ahadi. Bukoba mjini mwaka 1987 ilipimwa asilimia 24. Kufikia 1996 ilikuwa asilimia 13. Namba ile ilishuka kwa sababu watu walibadilika na kwa sababu wengi walikufa. Inayoweza kushuka namna hiyo inaweza pia kupanda. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, tazama kinachojengwa. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kipande cha kutoka Uvinza kuingia Burundi hadi Musongati kimeanzishwa baada ya hapo. Makambi ya ujenzi yanaleta vibarua walioacha wake nyumbani, mishahara ya kila mwezi, mama lishe, vilabu vya pombe na mabinti wanaotafuta ada. Yaliyoipata mikoa ya barabara kuu ya kusini tunayajua. Eneo lenye maambukizi machache ndilo lenye mengi ya kupoteza, na ndilo ambalo vijana wake hawajawahi kuuona ugonjwa kwa macho ili wauamini.

Kwa hiyo narudi Nyarugusu. Serikali yetu ilielekeza kwamba watoto wakimbizi wasome mitaala ya nchi zao, ili siku ya kurudi isiwapotezee madarasa. Matokeo yake ni kwamba ndani ya wilaya moja ya Kasulu kuna vijana wa umri mmoja wanaofundishwa kuhusu UKIMWI kwa mtaala wa Kongo, wa Burundi na wa Tanzania, na hawajawahi kulinganisha madaftari. Sijui mkoa mwingine wenye bahati ya namna hii. Mkalimani hahitajiki: Kiha na Kirundi vinasikilizana bila shida, na Wakongo wa Uvira na Fizi wanakuja na Kiswahili chao. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, nami sioni hasara, kwa sababu daftari la maswali linaweza kutoka shule moja kwenda nyingine kwa pikipiki ya ofisa elimu kata. Redio ipo; Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na inajua kuzungumza na Warundi na Watanzania kwa pamoja. Na sanaa ipo kupita kiasi. Warundi wana ngoma zao kubwa, Wakongo wana kwaya na maigizo, Waha wana salamu zao ndefu za makofi ambazo mgeni hazisahau. Mchezo wa kuigiza mmoja, uliotungwa na vijana wa pande tatu kuhusu binti anayeficha vidonge bwenini, utasema zaidi ya hotuba zote za Desemba Mosi.

Hatari ipo, na ni lazima tuitaje kwa sauti. Mitaani wapo wanaosema wakimbizi ndio waliotuletea. Kauli hii ina historia ndefu: Kagera walisema umetoka Uganda, na Marekani mwaka 1983 Wahaiti waliorodheshwa rasmi miongoni mwa makundi hatarishi, wakafukuzwa kazi na watoto wao wakachekwa shuleni, mpaka jina lao lilipoondolewa 1985. Mkutano wa vijana ulioandaliwa ovyo unaweza kuikuza kauli hiyo badala ya kuiua. Ndiyo maana sharti la kwanza liwe kwamba hakuna mtoto mwenye VVU atakayesimamishwa mbele kama kielelezo. Sheria ya 2008 inalinda siri yake, na hakuna mwalimu mlezi, wa kambini au wa kijijini, mwenye ruhusa ya kuivunja hata kwa nia njema. Akitaka kusema mwenyewe, baada ya kuongea na washauri wake wa kliniki, hilo ni jambo jingine. Sharti la pili ni kwamba maswali yatoke pande zote kwa idadi sawa. Wakimbizi wamechoka kuulizwa bila kuuliza. Kijana wa Kongo aliyekimbia vita anajua mambo kuhusu wasichana, askari na ugonjwa ambayo mtoto wa Kasulu mjini hajawahi kuyawaza, na hapaswi kuyasema yote ili apokelewe.

Kinachotakiwa sasa ni kidogo na kinajulikana. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo mkuu wa kambi ndiye mlango, na Wizara ya Mambo ya Ndani inaweza kumruhusu atoe vibali vya siku moja kwa wanafunzi wachache na walimu wao, au kuwaruhusu wa nje waingie. Halmashauri zina kamati za kudhibiti UKIMWI mpaka ngazi ya kijiji, ambazo tangu fedha za nje zikatike nyingi zimekosa ajenda. Hii hapa ajenda. Ofisa elimu anaweza kuchagua shule mbili za kuanzia, zisizidi. Muuguzi mmoja wa kliniki ahudhurie kila kikao, kwa sababu vijana watauliza kuhusu sindano mpya ya kinga ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ambayo katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja kati ya wanawake zaidi ya 2,100 waliochomwa aliyeambukizwa. Watauliza lini itafika Kasulu na nani atapewa, na watu wazima wajiandae kujibu bila kuzunguka.

Barua za Ujerumani ziendelee kama zipo. Sina ugomvi nazo, zilimfundisha yule binti wa Ujiji kitu ambacho sisi tulishindwa kumfundisha. Lakini Mjerumani hatapanda boti ya kwenda Rumonge, Burundi, na hatauza dagaa Kalemie, Kongo. Warundi wengi wa kambini wamekwisha kurudi kwao na wengine wanaendelea kurudi, na kila basi linaloondoka linabeba vijana ambao wamekaa nasi miaka kumi bila sisi kuwauliza lolote. Reli itakapofika Musongati watakaofanya kazi pande zote mbili za mpaka, watakaopendana na kuoana, ni hawa walio kidato cha pili leo. Waliobaki bado tunao wilayani.